Chargeur Sita Juu ya Mkeka

Siku ile ilianza na mvua na harufu ya turubai. Nilikuwa kwenye baraza ya Baba Mudogo, nakagua makoti matatu ya mvua niliyoyashona kutoka kwenye hema la zamani la jeshi, hema ambalo yeye alirudi nalo alipostaafu. Turubai lile lilikuwa gumu hata likanivunjia sindano mbili. Kwenye bega la kushoto la koti moja mshono ulikuwa umepinda kidogo. Hakuna mtu mwingine ambaye angeuona. Niliufumua, nikaanza kuushona tena, na binamu yangu Masika amesimama mbele yangu na jembe lake, ananingoja.

"Kavira, mvua iko inanipiga na koti iko kwako," alisema. "Unashona ya harusi?"

"Ngoja kidogo."

"Ngoja kidogo, ngoja kidogo. Kakao yote itaoza juu ya bega moja."

Jirani yetu Mama Kahambu, ambaye lake alikuwa ameshalivaa, alicheka. "Umuache. Siku ya kufa kwake atainuka kwanza anyooshe sanda."

Nilimaliza. Masika akalivaa juu ya tumbo lake lililoanza kuonekana, mimba ya miezi minne. Yeye na Mama Kahambu wakashuka na mke wa mwalimu, aliyevaa la tatu, kuelekea shamba la kakao ng'ambo ya kijito, wote watatu wamevaa rangi moja ya kijani. Nilibaki kuwatazama kwa nyuma. Nilikuwa natazama mabega tu, na niliridhika.

Niseme wazi mimi ni mtu wa namna gani. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini. Baba yangu alipofariki kule Butembo, nilikwenda na cherehani yangu kuishi kwa mdogo wake, katika kijiji cha upande wa Beni. Kazi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuifungua mashine na kuifunga, nikiandika kila skrubu ilikotoka. Nikikosea kitu kidogo silali vizuri. Nikikosea kikubwa nanyamaza, na hilo ndilo baya zaidi.

Baba Mudogo kijiji kizima kilimwita Adjudant, kwa cheo alichostaafu nacho. Barabara ilipoharibika na watu wa msitu, wale waasi wenye silaha, walipoanza kuwavizia wanaovuna kakao, vijana waliunda ulinzi wao na yeye akawa mkubwa wao. Walikuwa na bunduki tatu. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alijipiga mguu kwenye sherehe ya ubatizo, na tangu hapo Adjudant akaweka sharti: bunduki zikae ukutani sebuleni, na chargeur zikae mbali nazo. Chargeur ni kile kibati cha chuma kinachopachikwa chini ya bunduki, risasi zikiwa ndani yake. Zilikuwa sita. Zililala katika sanduku chini ya kitanda changu, kwa sababu mimi ndiye niliyeaminika kwa usafi.

Kuhusu chargeur hizo kulikuwa na ubishi usiokwisha: ziwekwe zimejaa, au ziwekwe tupu? Ndani ya kila moja kuna springi, ressort kama tunavyosema kwetu, inayosukuma risasi juu. Ikichoka, bunduki inakwama.

"Chargeur tupu ni kipande ya chuma," Kasereka alisema jioni moja. Huyu ndiye aliyewaongoza vijana wa zamu. "Donc, basi, adui akifika, tutamuambia aikale chini kwanza, tuko tunajaza?"

"Miye niliingia jeshi ukiwa bado hauna meno," Adjudant alimjibu. "Ressort ukiiacha imefinywa, inachoka. Siku unaitaka, risasi haipande."

"Adjudant, na weye unalala umekunja magoti. Asubuhi hautembee?"

"Sitembei muzuri, kweli." Wote wakacheka. "Haya, tuulize fundi. Kavira, ressort za mashini yako zinasema nini?"

Sikujua. Lakini sikuweza kusema sijui. Nilisema tutajaza tatu, tuache tatu tupu, na kila Jumamosi nitabadilisha. Kila upande uliona umeshinda. Ikawa sheria, na mlinzi wa sheria nikawa mimi.

Sasa narudi kwenye asubuhi ile ya makoti. Ilikuwa Alhamisi. Wanawake walipokwisha kwenda, nilivuta sanduku ili kufuta chargeur kwa kitambaa chenye mafuta, na kidole gumba kikaniambia kwamba springi moja ilikuwa imelegea kuliko zingine. Labda ilikuwa kweli, labda hapana. Wazo likinishika haliniachi. Ili kujua, ilibidi kuzilinganisha zote, na haziwezi kulinganishwa zikiwa nusu zimejaa na nusu tupu.

Nilizitoa risasi zote. Nilizimwaga kwenye beseni la kufulia, nikazipanga chargeur zote sita juu ya mkeka, tupu. Sikumwambia mtu. Nilijua nimevunja sheria yangu mwenyewe, nikajiambia nitamaliza kabla Adjudant hajamaliza chai yake nyuma ya nyumba.

Nilikuwa kwenye ya nne niliposikia milio ya risasi ng'ambo ya kijito.

Kisha filimbi ya walinzi. Kisha mabidon, yale madumu ya maji, na sufuria zikipigwa toka nyumba za chini, ishara yetu ya hatari.

Kasereka aliingia bila kubisha. Alinyakua bunduki ukutani, akapita mlango wa chumba changu, akaokota chargeur ya kwanza aliyoifikia. Akaipachika akiwa anatoka.

Nilijua ilikuwa tupu.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Nilimfuata. Alikuwa amepiga goti nyuma ya mparachichi, uso wake kuelekea chini, kakao zinapoishia. Kutoka kwenye kakao watu walikuwa wanakuja, wameinama, wanakimbia. Wamevaa kijani cha jeshi. Wa mbele amebeba kitu kirefu begani.

Watu wa msitu huvaa sare yoyote waliyoipata. Na wanawake wetu hawakuwahi kurudi kwa njia ile. Siku zote walirudi kwa njia ya daraja, wakiita majina yao na kupiga filimbi yao kuanzia kijitoni.

Kasereka alilenga wa mbele.

Mimi niliona bega la kushoto. Mshono ulikuwa umenyooka.

Akafyatua. Ilisikika ta, basi, kama kufuli ndogo ikifungwa.

Akaivuta bunduki, akafyatua tena. Ta.

"Ni Masika," nilisema. Sauti ilikuwa imerudi. "Kasereka, ni Masika."

Alikuwa Masika, na jembe begani. Mke wa mwalimu alikuwa nyuma yake. Walikuwa wamepoteza filimbi yao, na pumzi ya kuita hawakuwa nayo. Masika alitupita, akashika ukuta wa nyumba kwa mikono miwili.

"Mama Kahambu alianguka," alisema. "Iko nyuma. Bale batu ba musitu bako karibu naye."

Kasereka aliitazama bunduki, kisha akanitazama mimi.

"Iko tupu," alisema.

"Zote ziko tupu."

Hakunitukana. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenitukana. Tulirudi ndani tukakuta Adjudant amekwisha kukaa chini kwenye mkeka, beseni kati ya miguu, anajaza. Nilikaa mbele yake. Nilijua kuzijaza haraka kuliko mtu yeyote katika kijiji kile, lakini siku hiyo vidole vyangu vilikuwa vya mtu mwingine. Risasi ziliteleza, zikabingirika chini ya kitanda. Ilisikika chuma tu, na nje mabidon.

Vijana watatu walitoka, Kasereka mbele. Tulisikia milio, yao na ya wale wengine, halafu kimya. Watu wa msitu walikuwa wamerudi walikotoka.

Mama Kahambu aliletwa juu ya koti lake, wanaume wanne kila mmoja ameshika pembe. Alikuwa amekwisha kufa. Turubai lilikuwa limebeba uzito wote ule kupanda kilima, na hakuna mshono ulioachia.

Kesho yake Kasereka alisimama mbele ya watu kwenye matanga, akasema kwamba alikuwa amelenga kifua cha Masika, na kwamba Mungu alifunga bunduki. Watu walinigeukia. Wanawake walinishika mikono. Mama mmoja mzee aliniambia "wasingya", asante kwa Kinande, akarudia mara nyingi. Walidhani nilikuwa nimetanguliza siku ya kubadilisha, kwamba ule ulikuwa utaratibu wangu, kwamba nina akili. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusahihisha.

Lakini nilijua mambo mawili. Niliyemvalisha Masika rangi ya adui nilikuwa mimi. Na zile dakika tulizokaa kwenye mkeka tukijaza, Mama Kahambu alikuwa bado ng'ambo, na sijui kama alikuwa bado anapumua.

Wiki iliyofuata tulihamia Butembo. Miezi mitano baadaye Masika alijifungua msichana. Siku ile nilipomshika, yote ndani yangu yalilegea, nikalia kwa furaha hata muuguzi akanitoa nje. Sitaficha: nikikumbuka siku ya makoti, kinachonijia kwanza si huzuni. Ni ile sauti, ta, na baada yake pumzi inanishuka mpaka miguuni. Huzuni inakuja nyuma yake, polepole, na haiendi.

Miaka imepita. Nina chumba changu cha kushonea hapa Butembo. Juzi juzi Adjudant alikuja kukatiwa suruali, maana anapungua kimo, na tulikuwa wawili tu. Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa nikamwambia yote: kwamba haikuwa kazi ya Jumamosi, kwamba nilizimwaga zote kwa sababu ya wasiwasi wangu, kwamba nilimwona Kasereka akichukua tupu na sikusema. Nikamwambia pia kwamba nimesoma na kujaribu tangu wakati ule. Springi nzuri ikifinywa ikaachwa haichoki. Inachoka kwa kufinywa na kuachiwa, kufinywa na kuachiwa.

Alifikiri. "Donc Jumamosi zako ndizo zilikuwa zinaziua."

"Ndiyo, Baba."

"Na Kasereka alikuwa na haki. Usimuambie. Ataandika ku mulango ya kanisa." Kisha akaacha kutabasamu. "Mutoto yangu, miye nilijua. Risasi ikianguka mu beseni, mutu alikuwa mu jeshi miaka ile yote hapana sikia? Nilisikia ya kwanza mpaka ya mwisho."

"Mbona haukunikataza?"

"Nilikuwa nakunywa chai," alisema. "Nilijisemea, atamaliza mbele miye sijamaliza kikombe."

Nilikuwa nimelibeba jambo lile peke yangu, na mwenzangu alikuwa analibeba ndani ya nyumba hiyohiyo. Nilijisikia mwepesi hata nikaona aibu.

"Iko mutu mumoja hatujamuambia," Adjudant alisema.

Mume wa Mama Kahambu, Papa Paluku, alikuwa amerudi kwao Kipese, kwenye milima, kulima viazi. Tulikwenda Jumapili baada ya misa: Adjudant, mimi, Masika na binti yake. Tulimkuta mbele ya nyumba, ameketi kwenye kigoda. Niliongea nimesimama. Nilieleza yote, hata chai ya Adjudant, kwa sababu Adjudant mwenyewe alinipa ishara nisiiruke.

Nilipomaliza, Papa Paluku alinyoosha kidole kwa mtoto, aliyekuwa anafukuza kuku.

"Ni ile mimba?"

"Ni yeye," Masika alijibu.

Akamtazama akikimbia. "Bunduki kama ilikuwa na risasi, huyu hayuko."

"Hayuko, Papa."

"Na bibi yangu, pengine iko."

Neno lile ninalo hata leo. Nimelipima kila upande, kama nilivyopima zile springi, na kila mara nalirudisha lilipokuwa.

Papa Paluku aliinuka, akaingia ndani, tukadhani ametufukuza. Alitoka na koti la kijani limekunjwa vizuri. Lilikuwa limefuliwa. Pindo la chini lilikuwa limechanika mahali, akanionyesha kwa kidole.

"Hapa ilikamatwa na musumari. Miye ninaivaa mu mvua, ku shamba." Akaniwekea mikononi. "Sitasema ni sawa, Kavira. Hapana. Lakini utanishonea hapa. Na muikale chini, viazi viko vinaiva."

Nilikuwa na sindano kwenye mfuko, siku zote ninayo. Tulikaa. Nilishona palepale uani kwake, kwa uzi mweusi kwa sababu wa kijani sikuwa nao, na mshono ulipopinda kidogo niliuacha, kwa sababu watu walikuwa wananingoja tule.