Kuwinda Orioni kwa Mbao Mbili, Niboye hadi Jali

Niliondoka nyumbani kwa hasira. Mzee Hamduni, mwenye studio ya picha Biryogo, alikuwa anatafuta mtu wa kusafisha filamu. Nikamwambia aniajiri mimi, nimesoma fizikia sekondari. Akamtazama Keza, binti yangu, mgongoni, akacheka. "Mama Keza, kazi hii si ya mwenye kunyonyesha. Lakini niletee picha ya nyota zisizo na mikia, nitakuajiri." Alijua anachosema. Dunia inazunguka, ukiiacha kamera wazi gizani, kila nyota inachora mstari. Nikamwambia nitaileta, na aache kucheka.

Jumamosi asubuhi, Niboye. Mtoto mgongoni, kamera ya marehemu baba kikapuni, imebaki na picha tatu tu. Nilikuwa na ukurasa wa gazeti la Ufaransa unaoonyesha chombo: mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na skrubu ndefu. Ukiizungusha taratibu, ubao wa juu unainuka na kamera inazifuata nyota.

Adhuhuri, Gisozi. Seremala aliugeuza ukurasa mara mbili. "Hii iko mtego wa panya?"

"Wa nyota."

"Basi weka chambo kizuri, zile ziko mbali."

Alinitengenezea vizuri, hata kabari ya kuinua chombo aliichonga kama ilivyochorwa.

Alasiri, kizuizi cha barabarani. Vita vilikuwa kaskazini, na mbao zenye skrubu hazipiti hivihivi. Askari alizifungua, akazifunga. "Ya kukatia nyama?" Nikasema ndiyo. Keza alikuwa analia, akatupungia mkono twende.

Magharibi, kwa Shangazi, mteremko wa Jali. Dada huyu wa baba anaishi peke yake, na uwanja wake unatazama mashariki. Giza lilipoingia tu, Orioni, kundi la nyota la mwindaji, alitokea juu ya mikaratusi, amelala ubavu, nyota tatu za mshipi wake zimesimama wima. Nikatega chombo, nikachungulia kwenye kamera, nikazungusha skrubu. Nyota zikateleza pembeni, zikatoka. Nikarudia. Zikatoka tena. Nikatukana.

"Si mbele ya mtoto," Shangazi akasema. "Kaa umnyonyeshe."

Nikakaa. Keza akinyonya, nikaangalia juu kwa utulivu kwa mara ya kwanza siku ile. Nyota zetu zinapanda wima kutoka mashariki. Ufaransa zinazunguka ncha, nukta isiyosogea, iliyo juu angani. Kwetu ncha hiyo imelala ardhini, kaskazini. Nikaitupa kabari, nikailaza bawaba ielekee kaskazini. Nyota ikatulia katikati ya kamera.

Saa sikuwa nayo, ila Shangazi ana rozari, na mwendo wake naujua tangu utotoni: Salamu Maria moja ni robo dakika. Akasali, nami kila Salamu nikazungusha skrubu robo mzunguko, maana ukurasa ulitaka mzunguko mmoja kwa dakika.

Picha ya pili ikiendelea, akaingia nyumbakumi, msimamizi wa nyumba za pale. "Mama, mnafanya nini gizani?"

"Tunasali," Shangazi akajibu. "Piga magoti, unatikisa uwanja."

Akapiga. "Na huyu anazungusha nini?"

"Kila mtu na rozari yake. Itikia!"

Akaitikia hadi mwisho.

Jumatatu, Biryogo. Mzee Hamduni aliisafisha filamu, akaikagua kwa lenzi. "Miti imekuwa ukungu. Ulitikisa."

"Nyota je?"

Akasogeza lenzi. "Zimetulia."

"Basi. Kamera ilikwenda na nyota, miti ikabaki na dunia."

Nilichojifunza ni hiki: aliyeandika ukurasa ule hakudanganya, aliandika akiwa kwao. Anga la kwetu lazima ulitazame mwenyewe. Tena skrubu haizunguki sawasawa mkononi mwa mtu mwenye hasira. Shangazi alipofika katikati ya rozari, nilikuwa nimemsahau kabisa Mzee Hamduni.

"Na mtoto utamweka wapi?" Mzee Hamduni akaniuliza.

Nikamfungua Keza mgongoni, nikamweka mapajani mwake. "Hapo," nikasema, nikaingia kwenye chumba cha giza cha kusafishia filamu.