Samli Niliyoijaza Kwenye Kopo la Waksi

Aliyekosa ni mimi. Si duka, si gari, si shetani, ni mimi mwenyewe na hii mikono yangu. Nichambeni mtakavyo, ila nisikilizeni kwanza.

Nakaa Ndama, Karagwe. Mume wangu ana kigari cheusi ambacho, Mungu anisamehe, anakipenda kuliko anavyonipenda mimi. Nikivaa kitenge kipya haoni. Kuku akikanyaga boneti, anaitisha kikao cha familia!

Kila mwezi lazima akipige waksi upya. Anasema waksi haikai milele, jua na hili vumbi letu jekundu vinaila, na ikishaisha rangi inafubaa. Anamwaga maji kidogo juu ya boneti. Matone yakisimama, anatabasamu. Yakitandaa, siku imeharibika na sote tutajua.

Waksi yenyewe alikuwa anainunua kwa rafiki yake mwenye duka la vipuri. Nitamwita Deo, ingawa si jina lake. Wamekua pamoja, wakasimamiana harusi. Hata kupiga waksi walikuwa wanapiga wote wawili, huyu anapaka, yule anafuta, huku wanabishana mpira mpaka chai inapoa.

Sasa jumuiya ikawa inakuja kusali kwangu. Nikatazama kabati la vyombo, limepauka kama goti la mtoto. Nikachukua waksi ya bwana. Nikasugua kabati, nikasugua meza, nikasugua milango na, nisiwafiche, hata viatu vyangu vya kanisani. Jamani, wamama walisali huku wanajitazama kwenye kabati! Nilisifiwa mpaka nikasahau sala ya kufunga.

Walipoondoka nikafungua kopo. Tupu! Na wiki ileile gari ndilo lilikuwa limpeleke wifi yangu harusini kwa mumewe, kule kijiji cha Rugu.

Mwenye akili angesema, "Mume wangu, nimeimaliza, nisamehe." Mimi nikaingia jikoni. Kulikuwa na samli aliyoniletea mama, ile ya nyumbani, imetiwa chumvi ya kutosha isiharibike. Nikaiyeyusha pamoja na mshumaa, nikaimimina kwenye kopo, ikaganda vizuri kabisa. Nikajipongeza, mjinga mimi!

Asubuhi ya harusi akapaka. Akanusa. "Mama watoto, mbona leo inanukia maziwa?"

"Labda kiwanda kimeboresha," nikasema.

Akamwaga maji. Matone yakasimama! "Unaona?" akasema. "Deo ananijali." Nikakimbilia chumbani kucheka.

Kicheko kiliishia njiani. Jua lilipochoma, samli ikalainika, na kila gari lililotupita likatuachia vumbi lake. Tulifika Rugu gari likiwa kama kiazi kilichong'olewa shambani sasa hivi, na inzi juu.

Wakwe wenyewe ni wafugaji. Kwao bibi harusi akifika, ng'ombe wa zawadi wanaletwa mpaka uani, wageni wawaone. Wakaletwa. Maawe! Yule wa mbele akasikia harufu ya ile samli ya chumvi, akaja moja kwa moja na ulimi wake. Wenzake wakafuata. Wakaramba milango, wakaramba boneti, mmoja akaramba kioo usawa wa uso wa wifi yangu, naye ndani analia, wanja unamshuka mpaka kidevuni. Mlango haufunguki, ng'ombe kauegemea!

Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Ndugu wageni, tuwaache kwanza wamsalimie bibi harusi!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mume wangu akawa anawapunga ng'ombe kwa koti la suti. Pembe moja ikachora mlango mwanzo hadi mwisho.

Kumbe Deo naye alikuwa pale, mwalikwa kama sisi, ameshika sahani ya pilau. Mume wangu akamvaa mbele ya watu wote. "Umeniuzia uchafu! Tapeli! Usikanyage kwangu tena!"

Deo akapitisha kidole mlangoni, akakinusa. Akanitazama mimi. Kisha akasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Na mimi nikanywa soda. Hilo ndilo kosa langu, jamani, hiyo samli ni upuuzi tu. Nilikaa pale nikanywa soda mpaka ikaisha.

Habari ya tapeli wa vipuri ikaenea kuliko ya harusi. Wateja wakamkimbia Deo. Akafunga duka, akahamia Kyerwa, sasa anatandaza bidhaa zake chini gulioni. Mume wangu anapiga waksi peke yake. Timu yao ikifunga anashika simu haraka, halafu anairudisha mfukoni.

Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamfuata Deo hukohuko.

"Karibu, shemeji," akaniambia, akanifutia kiti.

"Deo, ile ilikuwa samli."

"Najua. Niliinusa."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningekuumbua mbele ya ukoo wa mumeo? Nilijua mkifika nyumbani utamwambia mwenyewe." Akapanga upya betri zake zilizokuwa zimepangika. "Nimekusubiri sana, shemeji."

Nililia njia nzima ya kurudi, na nilipofika mlangoni nikaulizwa kuna nini, nikasema vumbi.

Wanawake wenzangu, na nyie wanaume msijifanye malaika, ukimaliza kitu cha mwenzako sema siku hiyohiyo. Atanuna, atafoka, atalala kageukia ukutani, kisha ataomba chai. Ukinyamaza, kuna mtu atabebeshwa mzigo wako, na huyo mtu hajakukosea chochote.

Mume wangu husoma ukurasa huu wa maungamo kila wiki, anawacheka kwa sauti wanaoungama huku mimi namenya ndizi. Hii nayo ataisoma.

Baba watoto, nadhani umeshaacha kucheka. Usianze na mimi. Mpigie Deo kwanza, mimi nipo hapa jikoni.