Nazi Kumi na Tano za Esha

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtoto wa Msambweni aliyepanda bembea ya Mwero kabla ya mtoto wa nyumba ya Mwero. Hiyo ilikuwa sheria, na hakuwekewa na mtu. Aliiweka mwenyewe akiwa kijana, siku alipoona sanduku la bembea ya bwana mmoja kule Ramisi likichomoka na mtoto wa watu akavunjika mkono, huku watoto wa yule bwana wamesimama kando wanakula kachiri za muhogo. Mwero alikuwa seremala. Alirudi kwao akaunda bembea yake: nguzo mbili nene, mhimili wa chuma katikati, na masanduku manne ya mbao yanayopanda juu na kushuka, yakisukumwa kwa mikono. Akasema, mtu akinipa mtoto wake nimtie humu, awe ameshaniona nikimtia wangu.

Basi kila Idi, iwe ya Mfungo Mosi au ya Mfungo Tatu, watu wakishatoka kuswali na watoto wakishashika mkono wa Idi, zile senti zao za sikukuu, wazazi walikuwa wakisimama nyuma ya kamba wakimngoja mtoto wa nyumba afungue. Zamani alikuwa Hanifa, binti yake wa pekee. Hanifa akakua, akaolewa, akaachwa, akarudi kwa babake na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Esha. Alipofika miaka minne, kazi ya kufungua ikawa yake.

Kufungua kulikuwa na hesabu yake. Bembea ikielemea upande mmoja haizunguki vizuri, na mtoto wa kwanza hupanda peke yake. Kwa hiyo kwenye sanduku la upande wa pili Mwero alikuwa akipakia nazi, zile zenye makumbi yake, mpaka uzito ulingane. Hakutumia mizani. Alimshika Esha kwapani, akamnyanyua, akamshusha, akafumba macho kidogo.

"Umekuwa nazi nane, mama."

Mwaka uliofuata akawa kumi. Halafu kumi na mbili. Ikawa ndiyo salamu yake mtaani. Mtu akikutana naye dukani anamuuliza, "Esha, nazi ngapi leo?" na Esha anajibu kwa maringo kama mtu aliyeulizwa cheo chake. Idi ya mwisho kabla ya maradhi ya corona alikuwa amekaribia miaka tisa, na Mwero alisema kumi na tano.

Kisha maradhi yakaja. Lakini kabla hayajaja, Esha aliwahi kushikwa na pumu usiku mmoja mpaka midomo ikabadilika rangi, na Mwero alisimama nje ya dirisha la hospitali akisikiliza kifua cha mjukuu wake kikipiga mluzi. Mluzi ule haukumtoka masikioni. Redio iliposema kwamba corona inashika mapafu, yeye hakungoja chifu atangaze. Aliifungua bembea nati kwa nati, akaipanga bandani, akaifunika kwa turubai.

Mwaka wa kwanza hakukuwa na la kubishana. Watu waliswali Idi majumbani, uwanja ukaota nyasi. Esha alikuwa akiingia bandani, anafunua turubai, anakaa ndani ya sanduku lake.

"Babu, nisukume."

Naye Mwero, huku anapiga randa mlango wa mtu, alilisukuma sanduku kwa mguu, likitikisika pale pale chini. "Ngoja, mama. Idi ijayo."

Idi iliyofuata ilipita. Ikafuata nyingine. Mwaka wa pili, Mfungo Tatu ilipokaribia, Kahindi alikuja. Kahindi ndiye aliyekuwa akisukuma bembea tangu siku ya kwanza, mtu wa kanisani asiyekosa Idi hata moja, mwenye mikono mirefu na maneno mengi.

"Hodi, fundi. Nimekuja na mikono yangu, nimechoka kukaa nayo bure."

"Karibu. Lakini bado."

"Bado nini? Kule Ukunda wameshafungua. Hata humu bandani mchwa wameshafungua bembea, sisi wenyewe ndio tunangoja."

"Watu bado wanavaa barakoa, Kahindi."

"Na watoto wamerudi shule tangu Januari. Watatu dawati moja, wanapumuliana kama mbuzi zizini."

"Shule sikuifungua mimi," alisema Mwero. "Bembea ndiyo nitakayofungua mimi."

Kahindi alifikiri. "Kama ni kifua cha Esha, basi mwache Esha nyumbani. Nina mjukuu wangu, Baya, ana afya kama gunia la mkaa. Mtie yeye afungue."

"Nimtie mtoto wako mahali nisipothubutu kumtia wangu?"

"Basi mtie wako."

Mwero aliuinamia ubao wake. Aliendelea kupiga randa, na Kahindi alipoona maranda yanazidi kurundikana, aliaga.

Hapo ndipo shauri lote lilipokwama, na lilikwama karibu miaka miwili. Bila Esha hafungui. Na Esha hamtii. Alitafuta ishara ya kumwambia sasa, lakini kila ishara ilikuja na shaka yake. Chanjo zilipofika alichanjwa, akasema tungoje watoto nao. Kafyu ilipoondolewa akasema tuone kwanza mwezi mmoja. Barakoa zilipovuliwa akasema watu wamechoka tu, si kwamba ugonjwa umekwisha. Hanifa, aliyekuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani, alirudi jioni moja akamkuta babake ameketi karibu na redio.

"Baba, wazungu wamejaa tena. Wanaogelea, wanacheza ngoma. Wewe unangoja nini?"

"Nangoja moyo unitulie."

"Na usipotulia?"

"Utatulia, inshallah."

Hanifa akamtazama kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaingia ndani kubadilisha nguo. Baadaye sana Mwero alikuja kuukumbuka mtazamo ule.

Kahindi naye hakungoja. Alipata kazi Ukunda kwa kijana mmoja wa bara aliyeleta kasri la kuruka, yale ya mpira yanayojazwa upepo kwa mashine, watoto wakarukaruka ndani. Alikuja kuaga akiona haya kidogo. "Kazi yenyewe ni kuwasha mashine na kuhesabu viatu," alisema. "Yule kijana ananiita 'buda,' Kisheng chao cha mzee. Mimi nilikuwa nasukuma watoto mbinguni kwa mikono hii, leo nalinda ndara."

Mwero alicheka, lakini alipobaki peke yake hakuwa na kicheko. Aliona pia kwamba sanduku la Esha limeshika vumbi. Alidhani ni masomo yamemzidi.

Mwisho wa yote kilichomtuliza moyo kilikuwa kitu kidogo. Ilikuwa asubuhi moja ya Ramadhani, mwaka wa nne. Mwero alikuwa mlangoni, akamwona Esha anapanda mwinuko kutoka bombani, dumu la maji kichwani, mkono mmoja tu umelishika, na huku anaimba. Alipofika alilitua chini bila hata kutweta.

"Njoo hapa," alisema Mwero. "Vuta pumzi. Tena."

"Nini, babu?"

"Nasikiliza."

Hakukuwa na mluzi. Mwero alisimama palepale akatuma salamu kwa Kahindi: Idi hii tunafungua.

Alifanya kazi mwezi mzima, akiwa na saumu yake. Mbao mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, akaziondoa akaweka mpya. Akapaka mhimili girisi, akapaka masanduku rangi, la Esha akalirudishia buluu yake ile ile. Kahindi aliomba ruhusa kwa bosi wake, akaja siku mbili kabla, wakaisimamisha uwanjani, wakaizungusha tupu, ikaenda kimya kama saa. Na asubuhi ya Idi Mwero alipakia nazi kwenye mkokoteni. Kumi na tano. Hakumnyanyua Esha kumpima; mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili hanyanyuliwi kwapani. Akachukua hesabu iliyokuwa imebaki kinywani mwake.

Watu walikuja, si wengi kama zamani. Walisimama nyuma ya kamba na watoto wao wenye miwani ya plastiki na bastola za maji. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kuiona bembea ile, walikuwa wadogo mno ilipofungwa. Walilitazama lile jitu la mbao kwa mashaka.

"Mzee Mwero!" mwanamke mmoja aliita. "Nani anafungua?"

"Mtoto wa nyumba!"

Esha alikuwa kando na wenzake wawili, amevaa buibui jipya, hina imekolea viganjani. Alikuwa amefika begani kwa babu yake. Mwero alikuwa akila naye sahani moja kila siku, na bado ilikuwa kama ndiyo kwanza anamwona amesimama.

"Njoo, mama. Njoo ufungue."

Wenzake waliziba vinywa wakicheka. "Nenda, Esha, ukabembezwe ulale!"

Alikuja polepole, akasimama karibu na babu yake ili watu wasisikie. "Babu, mimi ni mkubwa sasa."

"Mzunguko mmoja tu. Wanakungoja wewe."

"Babu." Alitazama chini. "Mimi nilikwishacheza."

"Ulicheza wapi?"

"Ukunda, karibu na Kona ya Musa. Kwenye lile kasri la upepo. Mama alinipeleka Idi ile barakoa zilipokuwa bado. Na Idi iliyofuata. Alisema nisikwambie, utaumia."

Mwero aligeuka kumtafuta Hanifa. Hanifa alikuwa nyuma ya kamba, ameushika mtandio wake mdomoni. Akamgeukia Kahindi. Kahindi alikuwa anakaza nati iliyokuwa imekazwa tangu juzi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilikuwa naweka viatu vyake, fundi," Kahindi alisema bila kuinua macho. "Ningekwambia nini? Ulikuwa unamngojea kwa moyo wako wote."

Uwanja ulikuwa na kelele za filimbi na watoto, lakini Mwero alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuliza.

"Pumu ilikushika?"

"Hata kidogo."

"Ulifurahi?"

Esha alisita. Angeweza kumdanganya, na uso wake ulionyesha kwamba alilifikiria hilo. "Sana, babu."

"Alhamdulillahi," alisema Mwero. Na alimaanisha. Ndilo lililomuuma, kwamba alimaanisha. Mtoto alikuwa amefurahi na hakudhurika, na hayo mawili ndiyo aliyoyaomba kila swala kwa miaka mitatu, na yalikuwa yametokea mapema, mbali na macho yake, huku yeye ameketi na turubai.

Esha alimtazama. Kisha, bila kuambiwa tena, alikusanya buibui lake, akaingia kwenye sanduku la buluu. Magoti yalimfika kidevuni. Mwero alipakia nazi upande wa pili, moja moja, zikaisha. Kahindi akatema mate viganjani akasukuma.

Sanduku la Esha lilipanda mpaka kiunoni mwa Kahindi, likasita, likarudi chini. Akasukuma tena. Likarudi tena. Nyuma ya kamba watu walianza kucheka, si kwa ubaya, na sauti moja ya mtu mzima ikaita kama zamani: "Esha! Nazi ngapi leo?"

Esha alificha uso kwa viganja vyenye hina.

"Fundi, ongeza nazi," Kahindi alisema akihema.

"Hakuna nyingine."

"Kwani umeleta ngapi?"

"Kumi na tano."

Kahindi alijifuta mikono kwenye suruali, akalishika tena sanduku la buluu. Mwero alizunguka upande wa pili, akalishika sanduku la nazi kwa mikono miwili, akaning'inia nalo kwa uzito wake wote wa kizee, na Kahindi akasukuma, na bembea ikapanda kwa kuruka na kukwama, ikafika juu, ikapita, ikashuka. Mzunguko mmoja. Alipokuwa juu Esha alitoa viganja usoni. Mwero hakumwona, jua lilikuwa nyuma ya Esha. Aliambiwa na Hanifa baadaye.

Esha alishuka, akanyoosha buibui, akambusu babu yake mkono. "Idi njema, babu." Akarudi kwa wenzake, na wakaondoka watatu wameshikana mikono kwenda kununua achari.

Kamba ikainuliwa, watoto wakaingia wanne wanne, na bembea ikazunguka vizuri mpaka alasiri. Watoto walipiga kelele kama watoto wote. Mmoja alilia ashushwe. Mwero aliwapanga kwa jicho, mnene huku, mwembamba kule, na hakukosea hata mara moja.

Watu walipokwisha kutawanyika, Kahindi aliketi chini akinyoosha mikono yake mirefu. Nazi zilikuwa kando ya nguzo, zimerundikana.

"Kahindi."

"Naam, fundi."

"Idi ile ya barakoa. Ulipomwona kule Ukunda. Alikuwa nazi ngapi?"

Kahindi alipima hewani kwa mikono, kwa sababu aliona kwamba anaulizwa kweli. "Sikumnyanyua," alisema. "Kwa macho, labda kumi na nane."

"Na iliyofuata?"

"Ishirini. Au ishirini na moja. Sijui, fundi. Mimi nilikuwa natazama viatu."

Mwero alitikisa kichwa. Aliinama, akaanza kuziokota nazi moja moja na kuzirudisha kwenye mkokoteni.