Mvua ya Kibuyu

Juzi binti yangu alikuwa akijaza chupa za maji jikoni, nikajikuta nimesimama mlangoni na ufagio mkononi, nimesahau nilikuwa nafagia nini. Ni ile sauti ya maji yakiingia kwenye chombo chembamba: yanaanza kwa sauti nene, kisha yanapanda na kupanda. Niliisikia alfajiri moja nikiwa mtoto, huko Kondoa, ningali chini ya shuka.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na vilima vilivyofungwa. Msishangae kusikia vilima vinafungwa. Vyetu vilifungwa kweli. Makorongo yalikuwa yameila ardhi mpaka karibu na makaburi, ikatoka amri mifugo yote iondoke ili majani yarudi. Baba akaondoka na ng'ombe wetu kwenda nyika za Kiteto, akasema ni kwa muda. Nilikuwa sijaanza shule. Nilipofika darasa la tano muda huo ulikuwa haujaisha, na sura yake nilikuwa nimeanza kuipoteza. Nilibaki na kikohozi chake tu, na harufu ya koti lake.

Kisha bwana misitu akaitisha mkutano, akaomba watu wa kujitolea kuiangalia ardhi inavyopona. Walijitokeza wengi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake mbali. Wengine walipewa vigingi vya kuchomeka ukingoni mwa korongo, waone kama unazidi kumomonyoka. Sisi tulipewa kipima mvua, kwa sababu uwanja wetu haukuwa na mti. Bwana misitu alieleza kwamba bila kuijua mvua hatutajua kama korongo limetulizwa na majani, au mwaka ulikuwa mkavu tu. Mama alilielewa hilo kuliko wote. Ardhi ikithibitika imepona, ng'ombe watarudi. Wakirudi ng'ombe, baba naye atarudi. Akakipokea kile chombo kama mtu anayepokea posa.

Lakini macho ya mama yalikuwa yameharibiwa na moshi, na mistari ya kupimia ilikuwa myembamba. Bibi, mama yake baba, hakuwahi kusoma. Kazi ikaniangukia mimi. Kila asubuhi, kabla ya uji na kabla ya shule, nilisoma mistari na kuandika kwenye kadi. Kiangazi nacho hakikunipa nafuu, maana hata sifuri ilitakiwa iandikwe. Basi sikulala kwa shangazi, sikwenda harusini, hata kuugua niliona haya. Kipima mvua kilizungushiwa uzio wa miiba ili mbuzi wasikiangushe, na mbuzi wenyewe walishafukuzwa zamani. Aliyezuiwa na uzio ule nilikuwa mimi. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa sabuni za kunukia, mitumba na redio za kila namna. Kila kitu kilikuwa ruksa, isipokuwa ng'ombe na mimi.

Shule zilipofungwa mwaka ule, baba mdogo alikuja na habari. Alikuwa utingo kwenye lori la mfanyabiashara wa mahindi, na Jumapili lori lilikuwa linakwenda Kiteto. Baba alikuwa ameomba nipelekwe nikamwone. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Mama akatazama mbingu. Akasema mvua ya kwanza ndiyo inayolichimba korongo kuliko zote, nisiikose. Ikishanyesha, bwana misitu atakuja kuchukua kadi na kutafuta wa kushika nafasi yangu. Ikinyesha kabla ya Jumapili, nitakwenda.

Sijawahi kuichukia mbingu kama wiki ile. Mawingu yalikusanyika kila mchana, joto likatubana, kisha yakaenda zake. Bibi alikaa kizingitini akifunga na kufungua kifurushi cha kitambaa. Nilidhani ni chakula changu cha safari.

Jumamosi alfajiri ndipo nilipoisikia ile sauti. Nilitoka mbio. Kipima mvua kilikuwa na maji, lakini uwanja ulikuwa vumbi tupu, na nyayo za kuku za jana zilikuwa bado zinaonekana. Bibi alisimama kando ya uzio na kibuyu chake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama kawaida.

"Mvua yao imeingia," akasema. "Soma, uende kwa baba yako."

"Bibi, mbona chini pakavu?"

"Chombo kilitaka maji, kimepata. Kinataka nini tena?"

Hakuwa akitania, wala hakujiona anadanganya. Kwake yeye chombo kilichowekwa uani kilikuwa kinadai kujazwa, na mjukuu wake amefungwa kwa sababu hakijashiba.

Mama akatoka. Akaiangalia ardhi, kisha kibuyu, kisha mimi. Akaniuliza kama usiku nilisikia mvua. Nikasema sikusikia.

"Basi andika sifuri."

Kisha akapiga goti mbele ya bibi, akasema taratibu, "Mama, tukiwaandikia uongo, hatutaijua siku ya kurudi ng'ombe." Maji hakuyamwaga, aliyarudisha kwenye kibuyu, maana tuliyachota mbali.

Niliandika sifuri, nikalia hadi adhuhuri. Jumapili nililisikia lori likipanda mlima, likabadilisha gia, kisha nisilisikie tena. Bibi akakirudisha kifurushi ndani.

Mvua ilipokuja, barabara ilikatika. Kiangazi kilichofuata bibi akafariki. Baba alifika mama yake amekwisha kuzikwa. Tulipokifungua kile kifurushi hatukukuta chakula chochote, ila kofia ya kiume aliyoidarizi mwenyewe. Baba aliishika magotini usiku kucha wa matanga, hakuivaa.

Vilima sasa vimefunikwa na majani, na sifuri yangu imo katika hesabu zao. Ilikuwa sifuri ya kweli, wala sijuti kuiandika. Ila tangu Jumapili ile mpaka alipolala asiinuke, kila asubuhi bibi aliniuliza, "Imeingia?" Nami nilimjibu kwa milimita, nikijiona mtaalamu. Leo mwanangu wa kiume anafanya kazi mbali, nami kila gari likisimama barabarani nauliza ni nani ameshuka. Ndipo nilipojua kwamba bibi hakuwa akiulizia mvua.