Sekta Tatu za Kijiji Chetu

Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji huku Masama wakati wilaya ilipotaka kila kijiji kitaje sekta tatu za kupewa kipaumbele katika mpango wa maendeleo. Ofisa mipango, binti mpole, alibandika karatasi kubwa ukutani mbele yetu wazee wa kijiji.

"Shikamooni wazee wangu. Niambieni, kijiji hiki kinaishi kwa kutegemea nini?"

Nikawahi kujibu: kahawa. Kwetu kahawa ni ya mwanaume. Ndizi na maziwa ni vya mama, na mwanaume haulizi hata vimeuzwa wapi. Kihamba changu, shamba la nyumbani nililorithi, kilikuwa kimebaki na mibuni michache, mizee, na kwa miaka kadhaa sikuwa nimejaza gunia. Nilijua hivyo wakati nasema.

"Na maziwa? Naona kila nyumba ina ng'ombe."

"Hayo ni ya akina mama," nikasema.

"Andika kahawa, binti," jirani yangu akadakia, "tusije tukaonekana huko wilayani tunakamua!"

Tukacheka. Tukaongeza utalii, ingawa hakuna mtalii anayepita kwetu, na nyuki, kwa kuwa mmoja wetu alikuwa na mizinga. Nikasaini.

Asubuhi ile mke wangu alikuwa ameniomba nisisahau tangi la kupozea maziwa. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kinalihitaji, maana gari la maziwa lilipita asubuhi tu, na maziwa ya jioni yalikuwa yanaharibika.

"Baba, maziwa mmeyaandika?" akaniuliza niliporudi.

"Hapana."

"Mmeandika nini?"

"Kahawa."

"Kahawa ipi?"

Akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Tangi lilipelekwa kijiji cha ng'ambo ya mto, ambacho kilitaja maziwa kwanza. Sisi tuliletewa miche ya kahawa. Yangu ilikauka, sikuimwagilia. Mke wangu akawa anabeba maziwa ya jioni kichwani, anashuka mtoni na kupanda upande wa pili, kila siku, hadi goti likavimba likakataa. Akamuuza ng'ombe bila kuniambia. Ilikuwa haki yake.

Banda bado lipo, tunaweka kuni. Asubuhi tunakunywa chai ya rangi. Juzi nilimwambia kwamba nilikosea, tena nilikosea nikijua.

"Najua," akasema, akaendelea kumenya ndizi.