Kocha wa Jumatatu na Bwawa Lililosingiziwa Ufa

Na huyo aliyesema watoto wetu waende wakaogelee hotelini, aje arudie mbele yangu. Hotelini! Ile ambayo mlinzi wa getini anakukagua viatu kwanza ndiyo akuangalie usoni? Ukienda na watoto watatu, kiingilio peke yake kimekula chakula cha wiki nzima, na bado hujavua hata shati. Halafu kuna yule mwenzake, naye kajaliwa mdomo, eti kuogelea ni starehe. Starehe! Lile shimo la machimbo lililojaa maji kule juu limemeza watoto wangapi? Wote walikuwa kwenye starehe?

Haya, ngoja nishuke. Mtaani wananiita Presha, na si kwa sababu ya mashine ya kuoshea magari peke yake. Nataka niwaeleze habari za shangazi yangu, maana wengi mnaongea kuhusu bwawa na hamjui bwawa lile limeponaje.

Shangazi watu wote wanamwita Kocha. Kwenye karatasi ya mshahara aliandikwa mhudumu wa usafi, na aliandikwa hivyo miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kufagia ukingo wa bwawa la manispaa, kuopoa majani kwa wavu, kutia klorini na kusugua vigae. Zamani mji huu ulikuwa na mabwawa matatu. La reli wakaligeuza ghala. La shule ya sekondari likawa jalala, hadi leo ukipita unaziba pua. Likabaki hili letu, mita ishirini na tano, ubao wa kurukia waliung'oa na hawajawahi kusema kwa nini.

Alipoanza kazi pale alikuwa binti wa miaka ishirini. Miaka miwili kabla, mdogo wake wa mwisho, yaani baba yangu mdogo ambaye mimi sikumwona, alikwenda machimboni na wenzake, akateleza. Alikuwa na miaka tisa. Kina cha pale alipozama kilikuwa mtu mzima na mkono ulioinuliwa. Shangazi anasema hivyohivyo, haongezi neno.

Sasa pale bwawani kulikuwa na kibao: WAFANYAKAZI HAWARUHUSIWI MAJINI. Wanaruhusiwa watoto wa shule za kulipia, wanakuja na basi lao na mwalimu wao mwenye filimbi. Shangazi anafagia huku anasikiliza. Mwalimu akisema "miguu inyooke", yeye akitoka kazini anajilaza kifudifudi kwenye benchi nyumbani, anapiga miguu hewani. Bibi akadhani mwanawe amepagawa.

Lakini Jumatatu bwawa linafungwa kwa usafi, na mstari wa uchafu kwenye vigae, ule wa juu ya maji, huwezi kuusugua vizuri ukiwa nje. Ni lazima uingie. Basi akaingia. Ana brashi mkono wa kushoto, anasugua. Wiki hii kasugua mpaka maji ya kifuani. Wiki ijayo mpaka shingoni. Mwezi wa tatu msimamizi akatoka ofisini akamkuta upande wa kina, katikati kabisa, hakuna kigae karibu.

"We binti, unafanya nini huko?"

"Nasugua, mzee."

"Unasugua nini hapo katikati?"

"Nilikuwa napita tu, nakwenda upande wa pili."

Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo Jumatatu ikawa yake. Akaanza kuleta watoto wa mtaa. Kila mtoto anapewa brashi, anasugua vigae kumi, halafu anafundishwa saa nzima, kifuani kakumbatia dumu tupu la klorini lililosuuzwa mara saba, ndiyo boya lake. Hakuna kiingilio. Vigae kumi ndiyo kiingilio. Nusu ya mtaa huu imejifunza kuelea kwa madumu yale.

Mimi? Mimi sikujifunza. Nilikuwa mtoto wa hasira, nikimeza maji kidogo nagombana na bwawa zima. Nikaacha.

Basi mwaka jana pampu ikakata roho. Manispaa wakafunga geti, wakaandika "kwa muda". Mnajua "kwa muda" ya ofisini. Miezi minne. Maji yakabaki mle yametulia, yanaanza kuwa kijani, Shangazi anatia klorini kwa ndoo kila asubuhi asiache yaoze. Hakuna aliyemtuma.

Kisha akaja Mhandisi wa manispaa na rula yake. Akapima maji asubuhi. Kesho yake asubuhi akapima tena. Yameshuka sentimita tatu. Akapima siku ya tatu, sentimita tatu. Akaandika ripoti: bwawa limepasuka chini, linavuja, halitengenezeki. Haikupita wiki, tangazo likabandikwa getini. Bwawa litafukiwa kwa udongo, pawe maegesho ya magari. Mwenye maoni aje ukumbi wa manispaa, Alhamisi ya wiki mbili mbele, saa nane mchana.

Watoto walikuwa wameshaanza kwenda machimboni. Mwezi ule dada mmoja anayeshona nguo alimtoa mwanawe mle akiwa na povu mdomoni. Alipona. Shangazi alipoletewa habari alikwenda akakaa ukingoni mwa bwawa, akaangalia maji.

"Halivuji," akasema.

"Shangazi, Mhandisi kapima."

"Mimi nimelisugua miaka ishirini na sita. Bwawa likivuja mimi ningejua kabla yake."

Kesho yake akanunua plasta za vidonda, zile za kubandika. Jioni anapofunga anabandika plasta kwenye kigae, ukingo wake wa chini unagusa maji. Asubuhi anabandika nyingine. Jioni nyingine. Siku ya sita upande ule wa bwawa ulikuwa kama mtu aliyeanguka pikipiki.

Akaniita Jumatatu, kabla sijafungua kazi.

"Njoo hapa. Hii ni ya Alhamisi jioni. Hii ya Ijumaa asubuhi. Unaona nini?"

"Ziko sawa."

"Ziko sawa. Usiku maji hayashuki. Hii sasa ni ya Ijumaa jioni."

Ilikuwa chini vidole viwili.

"Mchana yanashuka, usiku yanatulia," akasema. "Ufa gani huo una saa za kazi? Jioni unafunga, unakwenda kulala kwao?"

Nikajifanya naziangalia plasta. Masikio yalikuwa yanawaka.

"Haya, Jumapili nilibandika na ya saa sita. Asubuhi mpaka saa sita, hayakushuka. Kutoka saa sita mpaka jioni, yameshuka." Akanigeukia, taratibu kabisa. "Presha. Jumapili nyie mnafungua saa ngapi?"

"Saa sita," nikasema.

Nisiwadanganye, nilijua. Kibanda chetu cha kuoshea magari kiko nyuma ya ukuta wa bwawa. Maji ya bomba yalikuwa yanakuja siku mbili kwa wiki. Bwawa limefungwa, maji yamekaa tu. Mwenzangu tunayemwita Kipara akapitisha mpira kwenye tundu la ukuta, tukifungua unaingia mpaka majini, tukifunga tunaurudisha, na mashine ikawa inavuta. Magari arobaini kwa siku, pikipiki sihesabu. Niliona ni maji yasiyo na mwenyewe. Ripoti ya ufa iliposomwa mtaani hata haikunipitia kichwani kwamba ni sisi. Mnaweza msiamini, lakini mimi nililaani ule ufa kwa sauti, tena nikiwa na mpira mkononi.

Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningejibu, tungepigana maneno, yangekwisha. Hakunitukana.

"Alhamisi nitakwenda na plasta zangu," akasema. "Wataniuliza maji yanakwenda wapi. Mimi mtoto wa kaka yangu simtaji mbele ya watu. Kwa hiyo utaniambia wewe niwajibu nini."

Akachukua wavu wake, akaenda kuopoa majani.

Hizo siku tatu sikula vizuri. Nikisema, kibanda kimekwisha, sisi wanne mtaani hatuna kazi nyingine. Nisiposema, udongo unamwagwa. Nikamwambia Kipara.

"Wewe una wazimu? Unatuuza?"

"Nikuuze wewe nani akununue?"

"Bwawa si lako!"

"Na maji je? Ni ya mama yako?"

Tukashikana mashati. Nikautoa mpira mwenyewe kwenye tundu, nikaukunja, nikaubeba begani mpaka nyumbani.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Feni moja, viti vya plastiki, Mkurugenzi wa manispaa mbele, mama mmoja mwenye miwani inayoteremka puani. Mhandisi akasoma ripoti yake vizuri kweli. Halafu Shangazi akasimama na gauni lake la kazi, kigae cha akiba mkononi kabandika plasta, anaonyesha hii ya jioni, hii ya asubuhi.

Mhandisi akatabasamu. "Samahani, mama, wewe si ndiye mfagizi?"

"Ndiye."

"Ufa wa chini hauonekani kwa plasta."

"Sawa, baba. Lakini huo ufa uulizwe kwa nini unafanya kazi mchana tu."

Watu wakacheka. Mkurugenzi akagonga meza. "Mama, tuseme halivuji. Sentimita tatu kwa siku ni maji mengi. Yanakwenda wapi?"

Shangazi akakiangalia kigae chake. Hakunitazama. Hata kwa kuibia hakunitazama.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma.

"Ufa ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi naosha magari nyuma ya ukuta. Mpira huu hapa." Nilikuwa nimekuja nao kwenye mfuko wa unga, nikaumwaga mezani pake, bado una maji ya kijani ndani. "Tumevuta mwezi mzima. Nikamateni, sawa, mimi sikimbii. Lakini bwawa halina kosa! Mnataka kulizika zima? Mhandisi, wewe ulikuja asubuhi, ukaja tena asubuhi. Mchana ungekuja mara moja tu ungenikuta naosha gari lako, maana niliosha! Lile jeupe, ubavu umebonyea!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mhandisi akashika paji la uso. Nasema kweli yake: alikuwa muungwana. Aliacha kelele zipoe, akasema, "Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba siku tatu nipime upya."

Akaja mwenyewe asubuhi, mchana na jioni. Plasta zikawa zake, kila moja kaisaini. Shangazi akamwongezea ndoo: akaijaza maji ya bwawa, akaiweka kwenye ngazi ya kuingilia, maji ya ndani na ya nje usawa mmoja. "Jua linakunywa kote," akamwambia. "Likinywa sawa ndoo na bwawa, basi ni jua. Bwawa likizidi, ni ufa. Hapo mimi mwenyewe nitaleta koleo."

Siku ya tatu maji ya bwawa yalikuwa yameshuka upana wa kidole kimoja. Ya kwenye ndoo, kidole kimoja. Mhandisi akachutama pale, akapima mara nne. Kisha akatoa ripoti yake mfukoni, akakata lile neno "halitengenezeki" kwa kalamu nyekundu, akaweka saini pembeni.

"Kocha," akamwambia. Hakusema mama, wala mfagizi. "Nimekosea."

Mimi nilipiga yowe likasikika sokoni.

Adhabu yetu ilikuwa kumwaga maji ya kijani na kusugua bwawa zima, vigae vyote, sisi wanne. Hata Kipara alikuja, kanuna kama kafiwa. Lakini mashine za kuoshea magari na pampu ni ndugu. Siku ya pili akaifungua ile pampu iliyokata roho, akacheka. Beringi imekwisha na sili, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji, imepasuka, basi. Miezi minne geti limefungwa kwa vitu vinavyoingia kwenye mfuko wa shati. Akavibadilisha, akawasha. Ilinguruma, Shangazi akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mtoto homa.

Lilifunguliwa Jumatatu. Si Jumamosi na wageni wa heshima, ni Jumatatu, Shangazi alikataa siku nyingine. Watoto sitini na moja, na yule wa dada mshona nguo alikuwa wa kwanza kwenye foleni na brashi yake. Kibao cha WAFANYAKAZI HAWARUHUSIWI alikiondoa Mkurugenzi kwa bisibisi, akavunja kucha. Na karatasi ya mshahara ya mwezi ule ilipokuja, iliandikwa: mwalimu wa kuogelea. Shangazi aliisoma, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akaitoa akaisoma tena. Kisha akaniambia nivue viatu.

"Shangazi, mimi nina miaka ishirini na tatu."

"Maji hayaulizi. Vigae kumi, halafu chukua dumu."

Nilisugua. Nikakumbatia dumu pamoja na watoto wa miaka saba, wakanicheka mpaka wakameza maji. Nilitukana, nikakohoa, nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Wiki ya tisa nilivuka upana wote bila dumu. Upana, si urefu, na nilitoka nimechoka kama mbwa. Lakini watoto walipiga makofi, na mimi nilinyoosha mikono juu kama nimechukua kombe.

Sasa sikieni. Manispaa wametupa miezi sita. Kuna karani getini anahesabu vichwa kila Jumatatu. Vichwa vikipungua, udongo unarudi, na safari hii hakutakuwa na ripoti ya kukata kwa kalamu nyekundu. Wiki iliyopita mlikuja wachache. Mvua, mnasema. Mnaogopa kulowa mkienda kuogelea?

Jumatatu, saa tisa mchana. Lete mtoto wako. Lete na wa jirani. Na wewe mwenyewe uliyekaa unasoma, mtu mzima usiyejua kuelea, ondoa aibu uje. Brashi zipo.