Urugori Haivuliwe Mbele ya Bendera

Rafiki yangu, we mwenye umeshika hii karatasi, sogea karibu, mi nakuhesabu kama mutu wa nyumbani. Mi si mutu wa masomo mingi. Kuandika nilijifunza jioni kwa masista, na mutoto mugongoni, mikono ingali inanuka samaki. Donc, basi, usinichekee maandishi. Sikiliza tu maneno.

Ni mambo ya bandari yetu ya Gisenyi, kando ya ziwa, wakati wazungu walikuwa wangali wanatawala. Leo vijana wanaenda kule kutembea na kupiga picha. Sisi tulikuwaka tunaingia pale kama mutu anaingia kwa nyumba ya mwenyewe mukali. Sheria ilikuwa kwa kila jiwe. Usipike kwa mawe ya bandari. Usioshe miguu mahali boti zinafungwa. Wabebaji wasiimbe kisha chakula ya saa sita, juu wazungu wa hoteli wanalala. Mi sikuona bado mutu anabeba gunia ya kahawa na kifua kimya, lakini walibeba hivyo, wanahema kama ng'ombe mugonjwa.

Na ile yenye ilinipata mimi: asubuhi askari anapiga filimbi, bendera inapanda. Kila mutu anasimama mahali iko, anaweka muzigo chini, anatoa kitu yote kwa kichwa. Wamama wa kitambaa waliachwa, juu hata madamu wa wazungu walikuwa wanafunika kichwa. Kofia, kata ya kubebea, majani ya kukinga jua, yote chini.

Sisi wamama wa kuuza chakula tulikuwa na kipande ya chuma kwa shingo, ya kuonyesha kama tuna ruhusa. Bila ile kipande haupite munyororo wa mulango. Na ndani ndiyo kulikuwa wabebaji na mabaharia wa meli ya Bukavu, watu wenye njaa. Mi niliuza viazi ya kuchemsha, maharagi na samaki ya kukauka. Bwana yangu alikuwa anabeba mizigo palepale, lakini siku meli haikuje, hakuna kazi. Kipande yangu ndiyo ililisha watoto. Ushike hiyo kwa akili.

Sasa, urugori. Kama we si mutu wa kwetu, nikuambie: ni ganda ya mubua wa mutama, tunaipasua, tunaikunja mviringo, mama anaivaa kwa kichwa. Inasema huyu amezaa. Si pambo. Mama anaivua wakati amefiwa. Mi niliivua mara mbili, na kila mara ilikuwa kaburi ndogo kule Nyakiriba, kwa shamba ya baba mukwe. Kisha Mungu akanipa mutoto mwingine, musichana, mwenye mapafu ya nguvu, analia mupaka Goma inasikia. Nikavaa urugori tena. Padri wa Nyundo aliibariki na mutoto pamoja.

Wiki ileile walikuwa wameleta askari mupya. Hakutoka kwetu, mambo ya kwetu hakujua. Filimbi ikalia, nikaweka kitunga chini, nikatoa kata, nikasimama vizuri. Urugori ikabaki.

"We mama! Toa hiyo kitu."

"Kitu gani, baba askari?"

"Hiyo ukingo ya kikapu kwa kichwa. Ama we ni mwamikazi, bibi ya mufalme?"

Wabebaji wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, nilifikiri anatania.

"Hii ni ya mutoto," nikamuambia. "Haivuliwe."

"Mutoto iko mugongoni. Hii mi naona iko kwa kichwa yako wewe. Vua!"

Jirani yangu, mama wa mandazi, bibi ya mushoni mumoja wa mutaa wa Waislamu, akasema na sauti ya chini lakini ya kusikika: "Yewe, mwanangu, huyo mama yake alimuzaa wapi? Kwa duka?" Watu wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanamucheka yeye. Hapo ndiyo ikaharibika. Akanishika mukono, akanipeleka kwa muzungu wa bandari.

Muzungu alikuwa anakunywa kahawa. Askari akaeleza: huyu mwanamuke amezarau bendera. Muzungu akaniangalia kichwa, akasema kwa Kiswahili yake ya kukatikakatika, "Bon. Toa, tukamalize."

Nikamuambia, "Bwana, kila siku ya Mungu naingia kanisa ya Nyundo. Pale mbele kuko Yesu mwenyewe. Padri hajaniambia vua. Kinyume yake anaomba wamama tufunike kichwa. Sasa mbele ya Mungu nafunika, mbele ya kitambaa ya bendera nifunue? Mukubwa ni nani?"

Akaweka kikombe chini. Nilifikiri atanipiga. Hakupiga. Akasema pole pole, kama mutu anaongea na kiziwi: "Utatoa, ama kipande itabaki hapa."

Rafiki yangu, nilifikiri viazi kwa kitunga. Nilifikiri watoto kwa nyumba, wanangoja mama. Nilifikiri pia mikono yangu, vile ilivua urugori kwa zile kaburi mbili, ikaiweka juu ya udongo. Nikasema ndani ya roho: Bikira Maria, na wewe ni mama, unajua. Nikapitisha kamba kwa shingo, nikaweka kipande kwa meza, kando ya kahawa yake.

"Ibaki," nikasema.

Walinifungia kwa depo ya simenti mupaka meli ilienda. Nilisali rozari na sauti kubwa, mutoto akajibu na kilio, askari kwa mulango akakosa amani. Viazi ikapoa, hakuna mwenye alinunua.

Nyumbani bwana yangu hakupandisha sauti. Alikaa tu, anaangalia moto.

"Mama watoto, si unavua kidogo tu? Bendera inapanda, unarudisha. Nani atajua?"

"Wewe ulichimba zile kaburi," nikamuambia. "We ndiye ungejua."

Akafunika moto na majivu, akaenda kulala. Lakini asubuhi, wakati nilikuwa nachemsha viazi bila kujua naipeleka wapi, akaamuka, akachukua kitunga yangu, akaiweka kwa kichwa yake. Mwanaume muzima, mubebaji wa bandari, na kitunga ya bibi! Akapita njia kubwa hivyo, watu wanamupigia kelele, "Ayiwe! Umeolewa wewe?" Yeye anajibu tu, "Ndiyo, na amenioa vizuri." Akaiweka inje ya munyororo, kando ya njia yenye inaenda barrière ya Goma, pale mupakani, akaingia kazi.

Nikakaa pale. Filimbi ikalia. Nikasimama na urugori yangu, naangalia bendera, na askari ananiangalia mimi. Sheria yake ilikuwa inaishia kwa munyororo. Alisaga meno.

Mama wa mandazi akatoka wa kwanza, akakaa karibu na mimi. "Mi sina urugori," akasema, "lakini niko na watoto saba, na mugongo inaniuma kukaa pale kwa mawe." Kesho yake wakatoka wengine. Walioweka urugori kwa sanduku miaka mingi wakaivaa, hata mukecuru mumoja, mama muzee mwenye mutoto wake wa mwisho alikuwa tayari babu. Ndani ya bandari hakukubaki hata kiazi kimoja. Wabebaji wakaanza kutoka inje kutafuta chakula, wanakula pole pole, wanaongea, na meli inangoja, inapiga honi.

Basi askari akaja, kipande yangu kwa mukono. Hakunitukana tena.

"Mama, muzungu anasema urudi ndani."

"Na kichwa yangu?"

"Juu ya kichwa hakusema kitu."

"Donc rudi umuambie aseme. Aseme mbele ya watu, kama vile alisema ile ya kwanza."

Akaangalia mutoto mugongoni, akanunua samaki mbili, akaenda na ile kipande yangu. Jibu haikukuja. Na mimi sikurudi. Njia ilikuwa na vumbi, mvua ilitupiga, siku nyingine tulirudi nyumbani na chakula nusu. Lakini watoto walikula, na mukono wa mutu haukugusa kichwa yangu. Sheria ilibaki mupaka wazungu wenyewe waliondoka nayo. Sisi tulibaki kando ya njia.

Ile mutoto iko hai. Ana mapafu yaleyale.

Sasa ukimaliza kusoma, usikunje hii karatasi uifiche kwa kabati. Soma mbele ya mama mumoja mwenye hajui kusoma, kisha umuombe aambie mwenzake kwa njia ya kisima. Na kama kuko musichana kwa nyumba yako, mupe yeye aishike wa mwisho.